Vikaratasi vya Mfuko wa Aproni

Dobi alikuwa na sheria moja kazini. Nguo haiingii majini kabla mifuko yake haijageuzwa nje. Kilichopatikana mfukoni kinatiwa ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko. Kinafungwa kwa uzi wa alama ya mwenye nguo, rangi ile ile aliyoshona kwenye kola. Hakisomwi, hakifunguliwi, hakiulizwi.

"Mfuko wa mtu haunihusu," alipenda kusema. "Kazi yangu ni uchafu wa nje."

Kopo lile lilikuwa limeona mengi. Tiketi, funguo, vidonge vya kichwa, na mara moja meno ya bandia ya fundi saa, ambayo mwenyewe alikuwa ameyatafuta siku tatu huku anakula uji. Yote yalirudi kwa wenyewe. Ndiyo maana watu walimwamini.

Duka lilikuwa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma ndiyo nyumba, na kati yake lilining'inia pazia. Huko aliishi na mkewe, Mama Pacha, na mabinti wao wawili wa miaka tisa. Mama Pacha alikuwa mfagizi katika kliniki iliyokuwa kona ya mtaa. Asubuhi alitoka na aproni safi, jioni akarudi nayo chafu. Mumewe akaifua. Miaka kumi na miwili ilikwenda hivyo, bila neno.

Kisha Dobi akaanza kuona mambo.

Kwanza ilikuwa midomo. Mama Pacha alikuwa anaosha vyombo huku midomo inacheza bila sauti. Dobi akiingia, midomo inafungwa kama mlango.

"Unasema na nani?" akamwuliza siku moja.

"Na sufuria," mkewe akajibu. "Nayo haijibu, afadhali."

Pili ilikuwa zamu. Jumanne na Alhamisi alichelewa saa nzima. "Tuna zamu ya ziada," alisema. Lakini mfagizi mwenzake alipoleta shuka zake, Dobi akamchokonoa.

"Poleni na zamu za ziada, dada."

"Zamu gani? Sisi saa kumi tunatundika fagio. Nani amekudanganya?"

Dobi akacheka kicheko cha kukausha aibu. Moyoni kitu kikaanza kuchacha, kama maji ya wanga yaliyosahauliwa ndani ya beseni.

Jumanne jioni alichukua aproni ya mkewe, akageuza mfuko. Vikaratasi vinne vyembamba vikaanguka juu ya meza. Vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa wino wa zambarau. Mwandiko haukuwa wa Mama Pacha. Ulikuwa umesimama wima, wa mtu aliyezoea kuandika. Wa mwanamume, Dobi akajiambia, ingawa mwandiko hauna ndevu.

Sheria yake aliijua. Lakini huyu alikuwa mkewe, si mteja. Akavuta pazia, akasoma.

Kiingereza chake kilikuwa cha lebo za nguo. Alijua "moto", "baridi", "usitie pasi". Basi akatoa kamusi ndogo iliyosahauliwa na mteja mmoja aliyehama mji. Akapekua neno moja moja, kidole chini ya mstari.

Kikaratasi cha kwanza, chenye namba 7: "He's waiting at the gate." Akapata "kusubiri". Akapata "lango".

Cha pili, namba 8: "He's left the house." Akapata "nyumba".

Cha tatu, namba 9: "I'd go with you." Akapata "kwenda". Akapata "na wewe".

Cha nne, namba 10: "I'd gone before he came." Akapata "kabla". Akapata "kuja".

Lakini "he's" haikuwamo katika kamusi. Wala "I'd". Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Hakuna. Palikuwa na kile kialama cha juu, kile cha kwenye ng'ombe, lakini hapa hapakuwa na ng'ombe yeyote. Dobi akakata shauri: hayo ni maneno ya siri. Watu wawili wamepatana, wengine wasielewe.

Na zile namba? Saa, bila shaka. Saa saba anasubiri langoni. Saa nane nyumba. Saa tisa twende na wewe.

Akavitia vikaratasi ndani ya kopo, akafunika.

Baadaye kidogo Mama Pacha akaja mbele ya duka. Alikuwa ameshaangalia kitandani, chini ya meza, na ndani ya mikoba ya shule ya watoto.

"Baba Pacha, hukuona kitu mfukoni mwa aproni yangu?"

"Kitu gani?"

"Ah. Kitu tu."

"Kitu kina jina."

"Basi. Si kitu."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wanadanganya, na kila mmoja alikuwa anaona uongo wa mwenzake tu.

Siku ya pili, Jumatano, shati la buluu likaletwa dukani. Lilikuwa la karani wa kumbukumbu wa kliniki, mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu nyingi. Dobi alikuwa anamfulia miaka mingi. Akageuza mfuko wa kifuani. Chini, kwenye mshono, palikuwa na doa la wino.

La zambarau.

Dobi akatazama saa.

Saa saba kamili mchana alikuwa ng'ambo ya kliniki, nyuma ya gari lililoegeshwa, amebeba nguo za wateja mkononi ili aonekane kazini. Lango lilikuwa wazi, walinzi wawili wamesimama hapo. Ndani, kwenye benchi la kivulini, alimwona mkewe. Karani alikuwa ameketi upande wa pili. Vichwa vyao vilikuwa vimeinama juu ya kitu kimoja. Mama Pacha akasema neno, karani akapiga makofi mara moja, na Mama Pacha akacheka. Kicheko kile Dobi alikuwa hajakisikia nyumbani muda mrefu.

Hakumaliza kutazama. Alirudi dukani, hata rangi za taa za barabarani hakuziona.

Alhamisi asubuhi shati la buluu lilikuwa juu ya ubao. Pasi ilikuwa ya moto. Dobi aliishika juu ya kola, akaishusha kidogo, akaiinua, akaishusha tena. Miaka ishirini ya kazi, hajaunguza nguo ya mtu. Alikuwa anajiuliza kama leo ndiyo leo.

"DOBI! UTACHOMA SHATI LA WATU!"

Pasi nusura imwangukie mguuni. Alikuwa Bi Spika. Mama huyu alikuwa anatangaza mabasi katika kituo kikuu, kwa lugha mbili, miaka thelathini. Sauti ya kipaza sauti ilikuwa imemganda kooni. Hata akikuomba chumvi, mtaa mzima unatazama saa. Alikuwa amefuata sare yake.

"Shikamoo, mama. Halijaungua."

"Marahaba. Lakini lilikuwa linanuka. Una nini? Umekauka kama mtu aliyekosa basi la mwisho."

Dobi akatazama nje, akatazama pazia.

"Bi Spika, wewe Kiingereza unakijua."

"Ndicho kinachonilisha."

"Nina rafiki yangu. Amekuta vikaratasi ndani ya mfuko wa mke wake."

"Rafiki yako naye ni dobi?"

Dobi alifungua kopo, akampa vikaratasi. Bi Spika akavaa miwani, akavuta pumzi.

"HE'S WAITING AT THE GATE!"

Muuza mboga wa ng'ambo akageuka.

"Polepole, mama, nakuomba!"

"Hii ndiyo polepole yangu." Lakini akajitahidi. Alisoma vingine kwa mnong'ono, yaani kama mtu mwingine anavyozungumza. Kisha akanyamaza. Bi Spika kunyamaza!

"Sema tu, mama. Nimeshajikaza kisabuni."

"Wewe ulielewa nini?"

"Kuna mtu anasubiri langoni. Kuna mtu anakwenda na mtu. Namba ni saa. Na haya maneno yenye alama ya ng'ombe ni siri, kwa sababu hata kamusi haiyajui."

Bi Spika akavua miwani. "Hayamo katika kakamusi kako kwa sababu si neno moja. Ni maneno mawili yaliyobanwa. Kwenye ng'ombe alama ile ina kazi nyingine. Kwenye Kiingereza hiki inaonyesha mahali herufi zilipodondoka. Waingereza wakizungumza wana haraka, wanameza herufi. Sasa nikuulize la kazi yako. Hizi nguo zenye uzi mwekundu kwenye kola ni za nani?"

"Za mwalimu na za mchinja nyama. Rangi za nyuzi ziliniishia."

"Uzi mmoja, wenyewe wawili! Unawatenganishaje?"

"Si natazama nguo yenyewe? Yenye chaki mkononi ni ya mwalimu. Yenye mafuta ni ya mchinjaji."

"Haya. Hii 's ni uzi wako mwekundu. Wenyewe ni wawili: is na has. Ukiutazama uzi peke yake, hutajua. Tazama neno linalofuata, hiyo ndiyo nguo. 'He's waiting.' Neno lina -ing mwishoni, kitendo kinaendelea. Basi mwenye uzi ni is: 'he is waiting', anasubiri. 'He's left the house.' Left ni kitendo kilichokwisha. Mwenye uzi ni has: 'he has left', ameondoka nyumbani."

Dobi alikuwa anasikiliza bila kutaka. "Na hiyo nyingine?"

"'d nayo ina wenyewe wawili, would na had. 'I'd go.' Go ni kitendo kitupu, hakijabadilika. Ni would: ningekwenda. 'I'd gone.' Gone ni go iliyokwisha geuka. Ni had: nilikuwa nimeshakwenda."

"Kwa hiyo angekwenda naye, na alikuwa ameshakwenda," Dobi akasema kwa uchungu. "Asante, mama. Sasa naelewa vizuri jinsi nilivyokwisha."

"Ngoja." Bi Spika alikuwa amegeuza kikaratasi. Akakigeuza na cha pili. Uso wake ukaanza kubadilika, mabega yakaanza kutikisika. "Wewe mtu! Unageuza kila nguo nje ndani, karatasi imekushinda?"

Nyuma ya kila kikaratasi, kwa wino ule ule, kulikuwa na maneno mafupi. "Is au has?" "Would au had?" Na chini kabisa: "Chagua. Eleza kwa nini."

"Ni maswali haya," Bi Spika akasema. "Saba, nane, tisa, kumi, ni namba za maswali. Umewahi kuona mpenzi anaandika barua, halafu anamwambia mwenzake aeleze kwa nini?"

Dobi akachukua vikaratasi, akavigeuza, akavigeuza tena. Moto ulikuwa unampanda usoni, lakini sasa ulikuwa wa namna nyingine.

"Kama anasoma, kwa nini anajificha?"

Bi Spika hakucheka tena. "Miaka miwili iliyopita alifanya mtihani wa kazi ya mapokezi. Akashindwa. Unakumbuka ulisemaje?"

Dobi alikumbuka. Alikuwa amesimama papo hapo, pasi mkononi, duka limejaa wateja. Alikuwa amesema, "Mke wangu alijaribu Kiingereza, Kiingereza kikamtapika." Watu walivunjika mbavu.

"Hata mimi nilicheka," Bi Spika akasema. "Mkeo alikuwa nyuma ya pazia, anakunja shuka. Nilipoondoka niliona miguu yake chini ya pazia. Haikuwa inatembea."

Alichukua sare yake, akaondoka. Kwa mara ya kwanza alitoka bila mtaa kujua.

Mchana ule Mama Pacha alirudi mapema. Aliweka mkoba chini, akaketi kwenye kigoda.

"Leo hukuchelewa," Dobi akasema.

"Nimeacha. Kuna jambo nilikuwa nalifanya, nimeacha. Kesho ningefanya mtihani wa mapokezi tena. Nimemwambia karani anifute."

"Amekufuta?"

"Amesema nifikirie hadi asubuhi. Nifikirie nini? Nilikuwa na maswali manne yanayonishinda. Nilikuwa natembea nayo mfukoni, najikariria. Nayo nimeyapoteza. Mtu asiyeweza kutunza vikaratasi vinne atatunza mapokezi?"

Dobi akaenda kwenye kopo. Vikaratasi alikuwa ameshavifunga kwa uzi. Nguo za mkewe hazikuwahi kuwa na alama, kwa hiyo alikuwa amechagua rangi mpya, kijani. Akamwekea magotini.

Mama Pacha akavigeuza kimoja kimoja.

"Ulivisoma."

"Nilivisoma. Sikuelewa. Halafu nikaelewa vibaya."

"Ulielewa nini?"

"Karani."

"Karani gani? Karani huyu wetu?" Mama Pacha akafungua mdomo. "Baba Pacha! Mtu anayemwomba radhi kiti akikigonga!"

"Ana wino wa zambarau. Na jana nilikuona unacheka naye."

"Ulinifuata?" Kicheko kikafa. "Nilicheka kwa sababu nilipata swali. Anatufundisha sisi watatu, mimi na walinzi wawili. Jana alinisaidia saa ya chakula, walinzi walikuwa zamu langoni." Aliinuka. "Mara ya kwanza ulinicheka. Mara ya pili umenishuku. Utanisaidia mara ya ngapi?"

Dobi alitazama beseni, kamba na vibanio.

"Leo," akasema. "Nisamehe, mke wangu. Ulikuwa mzaha wa kijinga, na niliufanya mgongoni mwako."

"Haukuwa mgongoni. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Najua. Ndiyo maana naomba radhi."

Hakusema amesamehe. Lakini alivua kandambili, akatoa daftari ndani ya mkoba, akaanza kukata vipande vya karatasi. Aliandika sentensi ishirini. Dobi akazibana kwenye kamba ya kuanikia, kati ya soksi na taulo. Mabinti wakaja mbio kutazama nguo hizi mpya. Jua lilikuwa bado kali.

"Uzi huu ni wa nani?" Dobi akauliza, akinyoosha kidole kwenye 's ya kwanza, kama mkaguzi.

"Uzi?"

Akamweleza habari ya mwalimu na mchinja nyama. Mama Pacha akafikiri, akaitikia kwa kichwa.

"Karani alisema hivyo hivyo, lakini kwa maneno ya kitabuni. Hii ya uzi imeniingia." Akasogea kwenye kamba. "'She's sleeping.' Ina -ing. Is, amelala. 'She's eaten.' Kula kumekwisha. Has, amekula. 'He'd help you.' Help ni tupu. Would, angekusaidia."

"Angekusaidia nani?" binti mmoja akauliza.

"Baba yako, kama angekuwa na akili," mama yake akasema, na hapo Dobi akajua mambo yameanza kupona.

Sentensi moja ikawakwamisha. "He's finished." Mama Pacha alizunguka mbele yake kama mtu anayetafuta mlango.

"Hii inaweza kuwa has, amemaliza. Inaweza kuwa is, yuko tayari, hana kilichobaki. Hata karani alisema zipo zinazokubali yote mawili."

"Sasa mtu unafanyaje?"

"Unasoma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Kama bado una mashaka, hukisii. Pale mapokezi wauguzi huacha maandishi ya haraka. 'He's seen the doctor,' ameshamwona daktari. Ukikosea, mgonjwa anakaa bure benchini, au anarudishwa nyumbani hajatibiwa. Basi unakwenda kwa aliyeandika, unamwuliza. Karani anasema ndiyo kanuni ya kwanza ya mapokezi."

"Kumwuliza aliyeandika," Dobi akarudia. Alibana soksi ambayo ilikuwa imeshabanwa.

Ijumaa asubuhi Mama Pacha alikwenda kwenye mtihani. Aproni ilikuwa imenyooka hata ingeweza kusimama yenyewe. Shati la karani lilipelekwa siku hiyo hiyo, doa limetoka, kola haina hata alama ya moto. Dobi alilipeleka mwenyewe. Alitaka kumwambia karani jambo, akakosa mahali pa kuanzia.

"Wino wa zambarau unatoka kwa maji ya ndimu," akasema mwishowe.

"Niwie radhi kwa usumbufu," karani akajibu.

Wiki mbili zikapita. Jumatatu moja Mama Pacha alirudi, akavua aproni, akaiweka juu ya meza ya duka, akaingia ndani bila kusema kitu. Dobi akageuza mfuko.

Karatasi. Imekunjwa mara nne. Wino wa zambarau.

Yale ya zamani yakaamka. Kwa nini imekunjwa? Kwa nini hakusema neno? Kidole kilishafika kwenye mkunjo. Akakirudisha. Akachukua uzi wa kijani, akaifunga karatasi, akaitia ndani ya kopo. Akapiga pasi suruali tatu. Kopo likamtazama muda wote.

Alipofunga duka akaingia ndani, akamkabidhi mkewe.

"Hii ilikuwa mfukoni mwako."

"Umeisoma?"

"Mfuko wa mtu haunihusu. Nakuuliza mwenyewe: ni nini?"

Mama Pacha alitazama uzi. Fundo lilikuwa halijaguswa. Akatabasamu, akamrudishia.

"Ni yako. Soma."

Dobi akafungua. Mwandiko ulikuwa wa Mama Pacha. Wino tu ndio ulikuwa wa kuazima. Mistari mitatu.

"'She's passed,'" akasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. "Nguo ni passed. Kitendo kimekwisha. Mwenye uzi ni has. Amefaulu." Akasimama. "Amefaulu? Umefaulu!"

"Endelea. Hujamaliza."

"'She's tired.' Hiki si kitendo alichokifanya, ni hali aliyo nayo. Is. Amechoka." Akapangusa macho kwa mkono wenye harufu ya sabuni. "'She'd like you to cook.' Like ni tupu. Would. Angependa... angependa wewe... Hii cook ndiyo nini?"

"Kupika!" mabinti wakapiga kelele kwa pamoja, hata Bi Spika angewaonea wivu.

Dobi akaikunja karatasi mara nne, akaitia katika mfuko wake mwenyewe wa kifuani. Akakunja mikono ya shati, akaenda jikoni.

"Na usiunguze!" mkewe akasema.